Mayi, Farasi Wetu Alipokula Machicha

Mayi, mama mkwe wangu mpendwa,

Jumanne asubuhi mtu aligonga mabati ya lango letu akauliza, "Hapa ndio kwa yule mama wa kukanda farasi?" Nilikuwa nafua. Nilimtazama mpaka akadhani amekosea nyumba. Farasi mwenyewe alikwisha kufa, wewe tulikuzika Bungoma, na bado kuna mtu katika Dandora hii anayewatafuta nyote wawili. Nikamjibu, "Ndio hapa." Hata sasa sijui kwa nini sikumwambia amechelewa.

Alikuwa na punda wa kubeba maji, na punda alikuwa amevimba tumbo. Nitakueleza yaliyompata, ila si sasa. Tangu siku hiyo nazungumza nawe kichwani. Nikipika nazungumza, nikianika nguo nazungumza, mpaka Wafula mwanao akaniuliza namgombeza nani. Nikaona afadhali niandike. Mwanao anasema shida yangu ni maswali, na kwamba hata huko uliko sitakuacha upumzike. Hajakosea. Wewe ndiye uliyenipa jina la Mama Kwa Nini, na mtaa mzima ukalishika, na siku hizi hata muuza mkaa ananiita hivyo.

Unakumbuka siku uliyofika? Tulikuwa na chumba kimoja tu, sisi na mtoto wetu mchanga, Nafula, pamoja na choo na bomba tulivyovikuta kwenye ploti. Dandora yote ilikuwa hivyo. Kila mtu amepewa kipande chake, choo chake na bomba lake, na masharti kwamba asipojenga atanyang'anywa. Kutwa ni nyundo na vumbi. Ulisimama langoni, kikapu mkononi na kuku kwapani. Mimi hukunitazama, mtoto hukumtazama. Ulimtazama farasi.

"Hiki ni nini?"

"Ni farasi, Mayi."

"Naona ni farasi. Nauliza ni nini hapa, kwa watu kama sisi."

Swali hilo mimi nilikuwa nimemuuliza Wafula kabla yako, tena kwa sauti kubwa zaidi. Mwanao alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye mazizi ya farasi wa mashindano, ng'ambo ile nyingine ya jiji, na miaka yote hiyo hakuwahi kuleta nyumbani kitu chochote cha kazini isipokuwa harufu. Kisha farasi huyu jike akaumia mshipa wa mguu. Hakuweza kukimbia tena, na ikasemwa apigwe risasi. Wafula akamwombea. Wakampa. Akaacha kazi siku hiyo hiyo, akamtembeza kwa kamba jiji lote mpaka hapa, akasema sasa atajitegemea. Nilimwambia wenzake wakiacha kazi huleta nyumbani redio.

Alikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyeliweza, kwa hiyo mtaa ukamwita Ledi. Mbio hakuziweza tena, lakini kuvuta polepole aliweza. Alifungwa mkokoteni akaanza kubeba mawe na mchanga wa watu waliokuwa wakijenga, na tukishawabebea watu ndipo tunajibebea sisi. Ndiyo maana ulipofika ulikuta kuta za chumba cha pili zimefika kifuani. Chumba hicho tulikuwa tunakujengea wewe. Bila Ledi hakuna mawe, bila mawe hakuna nyumba, na bila nyumba ploti inaenda. Nilijua hayo yote vizuri sana, na bado nilikuwa namwogopa. Tangu aje sikuwahi kumgusa. Nilikuwa namsukumia karai la maji kwa mpini wa ufagio.

Na wewe pia nilikuwa nakuogopa, niseme tu. Ulitaka mwanao aoe msichana wa huko kwenu, akaoa Mkikuyu mwenye maswali.  Ulikuwa unaosha tena sufuria nilizokwisha kuosha.

Kilichonisogeza kwako mara ya kwanza ni tumbo la Nafula. Alikuwa analia kila alasiri, miguu ameikunja, uso umekunjamana, na mimi nalia naye. Ulimchukua bila kuniomba. Ulipasha viganja juu ya jiko, ukaanza kumzungushia tumbo kwa vidole, ukashuka mgongoni, kisha ukabonyeza mguu chini kidogo ya goti, kwa upande wa nje, ukatulia hapo. Mtoto akatoa upepo akalala. Nami nikauliza, maana sijui kunyamaza, "Mayi, kwa nini unabonyeza mguu na linalouma ni tumbo?"

"Sijui. Mama yangu alibonyeza hapo. Mimi nami nimetafuta kwingine, nikarudi hapo."

Nilitarajia utanifokea. Badala yake ulinishika mguu wangu mwenyewe, ukanibonyeza mahali hapo hapo, ukaniuliza nasikia nini. Nikasema nasikia kama kitu kinavuta kuelekea chini. Ukaitikia kwa kichwa ukisema, "Aha," kama mtu aliyeletewa habari mpya. Wewe mwenye wajukuu tele, uliyekanda watoto maisha yako yote, ulikuwa bado unataka kujua mguu wangu unasema nini.

Kisha yakaja mambo ya machicha.

Kuta zilikuwa zimekwisha na mafundi walikuwa karibu kupandisha paa. Ukasema kwenu watu hawajengi na koo kavu. Ukapika busaa, pombe ya nafaka ya kwenu, kimyakimya kule pembeni, ukaikamua vizuri, wakanywa, wakakusifu. Yakabaki machicha, yaani makapi yake, karai zima, yana joto na harufu kali ya chachu. Kwenu machicha hayatupwi. Anapewa ng'ombe, naye ananenepa na kung'aa. Basi jioni hiyo ulibeba karai mpaka kwa Ledi, wewe uliyekuwa hujamkaribia hata mara moja, ukamwekea mbele yake. Alikula yote. Alilamba karai, kisha akakulamba mkono. Ulirudi unacheka ukasema, "Hata yeye ni mtu, kumbe alikuwa na njaa ya chakula cha nyumbani." Nilifurahi pia. Niliona mgeni ameipenda nyumba, na farasi ameshiba bila mimi kukata nyasi.

Asubuhi Wafula alitoka kabla hakujapambazuka vizuri kwenda soko la Gikomba kutafuta mabati. Jua lilipopanda nikamwona Ledi anageuza shingo na kutazama ubavu wake mwenyewe, tena na tena, kana kwamba kuna mtu anayemwita kutoka huko. Akaanza kupiga ardhi kwa kwato. Akainua mdomo wa juu, meno nje. Akalala chini, akainuka, akalala tena. Jasho lilimtoka shingoni na hakuwa amefanya kazi yoyote. Wewe ulisimama mlangoni na kikombe cha chai usichokinywa.

Baba Shiru, yule jirani mwenye punda, alikuja akaegemea ukuta. "Huyu ameenda," akasema. "Punda wangu angekuwa ashamaliza mambo yake na kusahau. Hawa wa mashindano ni wa kufa kufa tu. Ata msijisumbue."

Wafula alirudi anakimbia, sijui nani alimwambia njiani. Alitupa mabati. Aliuliza jambo moja tu. "Amekula nini?"

Na wewe ukajibu hapo hapo, bila kumtazama mtu mwingine, "Nimempa machicha. Karai lote."

Hakukupigia kelele. Ningekuwa mimi ningepiga kelele. Alishika kichwa kwa mikono miwili akasema polepole, "Mayi, farasi si ng'ombe. Hacheui. Hawezi kutapika, hawezi hata kupiga mbweu. Kikishaingia kina mlango mmoja tu wa kutokea, na ukizibika, anakufa." Kisha akamwambia fundi apande baiskeli akapige simu posta, amwite daktari wa mifugo aliyekuwa akitibu farasi wa kule mazizini. Fundi alirudi na jibu: daktari yuko Limuru, atakuja jioni. Na hiyo ilikuwa bado asubuhi.

Sitasahau ile asubuhi. Wafula alimzungusha Ledi kwenye ule uwanja mdogo, akimzuia kujibiringisha, maana alisema akijibiringisha kwa nguvu utumbo unaweza kujisokota. Kila baada ya muda alisimama, akaweka sikio ubavuni, akasikiliza. Alituambia tumbo la farasi mzima halinyamazi, linanguruma kutwa kama jirani mbaya. La Ledi lilikuwa kimya. Aliniita nisikilize, nikakataa, nikasema namwamini.

Ndipo ukaingia ndani, ukapasha viganja juu ya jiko, ukatoka.

"Wafula. Goti lake ni lipi?"

"Mayi, sasa si saa ya kujifunza."

"Saa yake ni ipi?"

Akamsimamisha Ledi. Nami hapo, pamoja na hofu yote ile, nikajikuta nataka kujua jibu. Maana ule mguu wa nyuma wa farasi una kiungo katikati kinachokunjika kwenda nyuma, na nilikuwa siku zote nikidhani hilo ndilo goti, limewekwa kinyume. Wafula akasema hapana, hicho ni kifundo cha mguu, kama kisigino chetu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na nyama. Akalishika. Wewe ukainua gauni kidogo mbele ya mafundi na Baba Shiru, ukapapasa goti lako, ukashuka chini yake kwa upana wa vidole, ukapata mahali. Ukaja kwangu, ukapapasa langu, ukapata mahali. Kisha ukamwendea Ledi, ukapapasa la kwake lililojificha, ukashuka, ukatafuta, ukatafuta, na nikaona ngozi ya farasi inaruka chini ya kidole chako kama inavyoruka nzi akitua. Ukasema, "Aha."

"Nataka mtu upande ule mwingine," ukasema. "Nikikanda mmoja tu anaegemea."

Wafula alikuwa ameshika kichwa cha Ledi. Fundi alisema ana watoto. Baba Shiru alisema huyo anapiga teke. Nikakuona unanitazama, na sikuona kwamba unaniamuru. Uliniangalia jinsi ulivyouangalia mguu wangu siku ile, kutaka kujua. Nikaenda.

Mayi, alikuwa na joto! Ndilo jambo la kwanza nililoliwaza. Nilikuwa nimeishi naye uwanja mmoja na sikujua kwamba ana joto hivyo. Manyoya yalikuwa yameloa, na chini yake mwili wote ulikuwa unatetemeka kwa ndani. Niliweka vidole mahali nilipodhani ndipo.

"Kanda," ukasema kutoka ng'ambo. Sikukuona, ila miguu yako.

"Ni hapa?"

"Mimi siko upande huo. Tafuta."

Nikatafuta. Ukaniambia nibonyeze nikitoa pumzi, nilegeze nikivuta. Tukapandisha mikono mgongoni, kandokando ya uti, wewe kwako na mimi kwangu. Tukashuka mbavuni, tukazungusha tumbo kama la Nafula, ila tumbo hili lilitosha watoto wa mtaa mzima. Ulikuwa umeponda majani ya mnaanaa ukajipaka vidoleni, na ulitaka kumnywesha maji ya tangawizi kwa chupa. Wafula akakataa kabisa, akasema yakikosea njia yataingia mapafuni. Ukamsikiliza. Ukampaka mnaanaa kidogo kwenye mdomo tu, ili apate harufu.

"Mama Nafula. Weka sikio. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Haya."

Tukakanda. Wafula akamtembeza, akarudi, tukakanda tena. Jua likawa kali. Ukaniuliza tena, nami nikasema, "Nadhani nasikia."

"Unasikia ama unataka kusikia?"

Nikasema nataka kusikia.

"Basi usinidanganye. Kama kumenyamaza sema kumenyamaza, ndio nijue mahali pa kwenda."

Hapo nikaacha kutaka, nikawa nasikiliza tu. Wafula alikuwa wa kwanza kuona. Ledi aliteremsha kichwa. Akalamba midomo. Kisha akapiga mwayo mkubwa, na mwingine, macho yamelegea. Wafula akanong'ona kwamba kule mazizini wakiona hivyo hufurahi. Sikio langu lilikuwa bado ubavuni, na ndani kabisa nikasikia kitu kidogo, kama bomba letu maji yakirudi baada ya kukatwa kutwa: kimya, kisha mkoromo, kisha maji.

"Nasikia, Mayi."

"Unataka?"

"Sitaki! Nasikia!"

Na Ledi akashuta. Sina neno jingine la heshima zaidi. Alishuta kwa muda mrefu hata Baba Shiru akavua kofia. Mafundi walikaa chini kwa kicheko. Akashuta tena akitembea, na alipofika karibu na bomba akainua mkia na kwenda haja, na sisi watu wazima wenye akili zetu tukapiga makofi na vigelegele kwa ajili ya mavi.

Nilipokutafuta ulikuwa umekaa juu ya mawe, shuka usoni, unalia kwa sauti. "Ningewavunjia nyumba," ukasema. "Nimekuja kuwaona na ningewavunjia nyumba." Nilikaa kando yako. Mikono yetu ilikuwa imejaa manyoya na jasho la farasi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kunawa. Usiku huo niliosha sufuria, nikaziinamisha, na hukuziosha tena.

Daktari alifika jioni na gari lenye vumbi. Alimsikiliza Ledi kila upande, akampitishia bomba puani akamtia mafuta ili mabaki yateremke, akasema amepona. Na mimi, wewe unanijua, nikamuuliza, "Daktari, ni mikono ndiyo iliyomponya?"

Akacheka, lakini si kwa dharau. Alisema huenda ni mikono, huenda ni kutembezwa, huenda ni farasi mwenyewe. "Mama, nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Ila najua jambo moja. Utumbo ungekuwa umejisokota mngekanda mpaka Krismasi na angekufa mikononi mwenu. Siku nyingine niiteni kwanza, halafu mkande mkiningoja." Alipoondoka ulisema, "Huyu ni mtu wa maana. Amesema hajui."

Ulikuwa umesema utakaa mpaka paa likamilike. Paa likakamilika na hukuenda. Ulikuwa umepata kitu cha kuchunguza. Kila asubuhi kabla Wafula hajamfunga mkokoteni, wewe na mimi tulimkanda, mmoja kila upande, kisha tunaweka masikio. Mavi yake ulikuwa unayapasua kwa kijiti na kuyasoma, haya makavu, haya yana punje nzima, haya mazuri. Baba Shiru akakuita Daktari wa Mavi, nawe ukamwambia alete na yake. Ulimhoji mwanao kuhusu mazizi mpaka akatamani kurudi kazini: kwa nini nyasi kavu kuliko mbichi, kwa nini kidogo kidogo mara nyingi, kwa nini maji kabla ya pumba. Uliotesha mnaanaa pale maji ya bomba yanapomwagikia. Kila jani ulilotaka kumpa ulilila wewe kwanza na kungoja. Wafula alikwenda kukata nyasi mbali, upande wa barabara ya Kangundo, ili asilishwe chochote kilichopeperushwa kutoka kwenye jalala kubwa la taka la Dandora.

Na unakumbuka jaribio letu? Ni mimi niliyesema, "Leo tusimkande, tuone." Nilifikiri utakasirika. Ulisema, "Haya, tuone." Hatukumkanda, tukaweka masikio, na tumbo lilinguruma vile vile kama siku zote. Kesho yake hatukumkanda tena. Vile vile. Ulimenya viazi asubuhi nzima. Kisha ukasema, "Kesho tutamkanda."

"Kwa nini, Mayi, na tumeona ni sawa tu?"

"Hukumwona? Anatungoja."

Na ilikuwa kweli. Alikuwa amesimama mahali petu pale pale, ubavu kwetu, anageuza shingo kutazama mlango. Kwa hiyo tukaendelea, bila kujua kama tunamtibu au tunamsalimu. 

Ulirudi Bungoma Nafula alipoanza kutembea, ukaja, ukarudi, ukaja. Ledi alikufa kwa uzee, si kwa tumbo. Wafula alimkuta asubuhi amelala upande wake wa kawaida. Hatamu yake imening'inia hapa kwenye chumba chako, kwenye msumari, na ndipo ninapoandikia.

Sasa nikwambie ya punda wa Jumanne. Nilimwambia mwenyewe ampigie daktari simu kwanza. Akanung'unika kwamba amekuja kwangu ili asimlipe daktari. Nikavaa viatu nikaenda. Niliweka mikono, nikatafuta goti la kweli, nikakanda, nikaweka sikio. Mwenye punda alikuwa ananiuliza kila dakika, "Unasikia? Unasikia?" na uso wake ulikuwa kama wetu siku ile. Ningeweza kumpa moyo. Nikamwambia, "Sisikii kitu, ndugu yangu. Kimbilia simu sasa hivi." Akakimbia. Daktari alipokuja alisema ni mifuko ya plastiki ya jalalani, na angechelewa kidogo tu angekuta mzoga. Siku ya pili punda alikuwa amesimama. Yule mtu ananisifu mtaani kwamba nina mikono. Nimemwambia mikono haikufanya kitu, nilisikiliza tu. Hanielewi, na mimi sikuelewa mpaka nikakumbuka ni nani aliyenifundisha kusema kumenyamaza.

Na hilo ndilo limenifanya nichukue kalamu, Mayi, kwa sababu kwako wewe sikulisema.

Wakati wa kuvuna mahindi mwaka jana, Wafula alipoitwa Bungoma kwa ajili ya ugonjwa wako, tulipanda basi sote. Nilikukuta umekuwa mdogo kitandani, tumbo limefunga, chakula hakishuki. Hospitali walikuwa wamekwisha kusema waliyosema. Nilikwenda jikoni, nikapasha viganja kwenye moto, nikarudi, nikafunua blanketi miguuni. Nikapapasa goti, nikashuka.

Ulikuwa umefumba macho. Ukasema, "Teremka kidogo."

Nikateremka. Ukasema, "Aha."

Nikakanda kwa pumzi, ulivyonifundisha. Nikazungusha tumbo, polepole, maana lilikuwa linauma. Kisha nikaweka sikio, mbele ya watoto wako wote, na hakuna aliyecheka. Ukaniuliza, "Unasikia nini?"

Kulikuwa kimya, Mayi. Kimya kama ile asubuhi ya machicha, kabla tumbo la Ledi halijalia kama bomba. Nikasema, "Nasikia."

Ulifungua macho ukanitazama kwa muda, na nikaona unatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Unasikia ama unataka kusikia?"

 Ulinishika kichwa kwa mkono wako, ukakirudisha pale pale kwenye tumbo. Ukasema, "Basi endelea tu." Niliendelea mpaka ukalala, na ulipoamka tena ilikuwa kwa muda mfupi sana, na hatukuzungumza tena.

Tangu tukuzike watu huja kunipa pole. Huniuliza kama nasikia nafuu, nami huwajibu nasikia, kwa sababu wametoka mbali na wanataka kurudi na neno jema. Wewe peke yako nakwambia kweli. Sisikii kitu, Mayi. Kumenyamaza. Naendelea.

Lala salama. Mnaanaa wako bado unaota pale kwenye bomba.

Mke wa mwanao,
Mama Kwa Nini